Siku Tulipolihamisha Jua Hatua Kumi

Mimi shule niliiacha darasa la tano, msimu wa kuvuna viazi. Sikufukuzwa. Wenzangu walimaliza kuokota wakarudi darasani, mie nikabaki shambani, na hakuna aliyekuja kuniulizia. Kwa hiyo nikizungumza habari za sayari msinitegee maswali ya mtihani. Ninachokijua nimekijua kwa miguu na kwa maharagwe, na yote yaliletwa na shemeji yangu Télesphore.

Huyu Télesphore Marquis ni kaka yake mke wangu Exilda, kaka wa kuzaliwa tumbo moja, ingawa ukiwasikia wakiongea utadhani ni majirani wenye kesi ya mpaka. Yeye anakaa Grandbois. Sisi tunakaa Sainte-Odile, maili nne ukiufuata mto kwenda chini, mwisho kabisa wa barabara. Grandbois wana ukumbi mpya wenye bati jekundu na vyoo saba vya ndani. Vyoo saba! Watu wenyewe hawafiki mia tatu, sijui wanakula nini. Sisi tuna kanisa dogo mlimani, shamba langu la viazi chini yake, na katikati ya shamba kuna uwanja wa majani wenye shimo la maharagwe. Basi, ndiyo mali yetu.

Lakini karamu ya maua ya viazi, kila Julai, ilikuwa inafanyika kwenye uwanja huo tangu mie sijaota ndevu. Exilda ndiye mpishi. Shimo alilichimba mama yake, marehemu Rosalba, akalijengea kwa mawe aliyoyabeba kutoka mtoni, moja moja, kwenye aproni. Unawasha moto wa magogo magumu tangu asubuhi, jioni unashusha vyungu vya chuma vyenye maharagwe na nyama ya nguruwe ya chumvi na vitunguu na asali nyeusi ya miwa, unafunika kwa makaa na udongo, unakwenda zako. Kesho yake saa sita unafukua. Watu wanatoka hadi ng'ambo ya mpaka kuja kula. Exilda amefanya hivyo miaka arobaini na moja, na huo mwaka wa arobaini na mbili Télesphore akasimama kwenye mkutano wa chama cha wakulima akasema karamu ihamie Grandbois.

"Kuna paa," akasema. "Kuna majiko ya gesi. Kuna vyoo saba."

"Tumeshasikia habari ya vyoo," Exilda akamjibu kutoka kiti cha nyuma. "Ungewajengea na haya kidogo usoni, ingekuwa vyema."

Watu wakacheka, lakini wengine wakatikisa vichwa kuafiki. Mwaka uliopita mvua ilitunyeshea, tukala maharagwe yanayoelea. Mwenyekiti wetu, Mama Prudence Daigle, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akaona mkutano unaelekea kwenye matusi. Siku hiyo hiyo mwalimu Corinne Saucier, yule binti wa sayansi, alikuwa amekuja kuomba vijiji vyetu vinane, kila kimoja kichukue sayari moja na kuionyesha kwa watu siku ya karamu. Prudence akayaunganisha mambo hayo mawili papo hapo. Wageni wataanza huko juu, mwanzo wa barabara, watateremka kijiji kwa kijiji wakitazama sayari, wataishia kwetu kula. Kila mgeni apewe kiazi kimoja. Mwisho wa chakula kuwe na mapipa mawili, la Grandbois na la Sainte-Odile. Unatia kiazi chako kwenye pipa la kijiji kilichokufurahisha zaidi, na pipa lenye viazi vingi ndilo lenye karamu, moja kwa moja, hakuna tena mkutano.

Tukachota vikaratasi kwenye kofia. Télesphore akachota Mshtarii, kubwa kuliko zote. Mie nikatia mkono nikatoa Utaridi.

"Ndiyo ipi hiyo?" nikamuuliza mwalimu.

"Ndiyo ya kwanza kutoka kwenye jua, mzee Philias."

"Ukubwa?"

Akasitasita, maskini, ana adabu yule. "Ndiyo ndogo kuliko zote."

Télesphore alicheka mpaka akashika meza. "Shemeji! Mie nina sayari yenye miezi haihesabiki, wewe ya kwako haina hata mmoja. Utawaonyesha nini watu, kokoto?"

Nikarudi nyumbani na kijitabu alichonipa mwalimu. Maandishi yalinishinda tangu mstari wa kwanza, lakini picha niliielewa: mstari wa mviringo, jua ndani yake, na kadoa keusi kamekaa juu ya mstari. Nikaitazama picha ile mwezi wa Machi wote na theluji iko dirishani. Kufikia Aprili nilikuwa na wazo, na wazo lilikuwa zuri, hilo silifichi.

Mnajua viazi vina maua. Vingi vinatoa maua meupe, lakini mbegu ile ya ganda jekundu inatoa maua ya zambarau. Nikasema, nitalipanda shamba lote zunguka uwanja kwa mbegu ya maua meupe, kisha ndani yake nipitishe pete ya mbegu nyekundu. Julai maua yakifunguka, mtu akisimama pale kanisani juu ataona njia ya Utaridi ya zambarau kwenye shamba jeupe, na katikati, moto wa Exilda ndiyo jua. Télesphore na Mshtarii yake akalale.

Sasa, mtu wa viazi akitaka duara anahitaji vitu viwili, kigingi na kamba. Kigingi kilikuwepo, ile nondo ya kuning'inizia vyungu pale shimoni. Nikafunga kamba ya hatua hamsini, nikaivuta mpaka ikanyooka, nikaanza kuzunguka. Mistari ya trekta inakwenda moja kwa moja, kamba inazunguka, kwa hiyo kila mstari niliokuta nikafukua mbegu nyeupe tatu, nne, nikazika nyekundu. Siku mbili nzima nimeinama. Mgongo wangu bado unaikumbuka kazi ile mvua ikitaka kunyesha.

Basi Julai ikafika, maua yakafunguka. Jamani! Mie si mtu wa kulia lia, lakini nilipanda kanisani asubuhi ile nikavua kofia. Pete ilikuwa imetulia pale kama imechorwa kwa bikari. Nikamwita Exilda. Akatazama muda mrefu, akasema, "Umefanya hivi na bado kunyoosha kamba ya nguo umeshindwa." Kwa Exilda hiyo ni sifa kubwa.

Zimebaki siku tisa karamu ifike, akaja mwalimu Corinne. Tukapanda naye. Akashangaa, akapiga makofi, akanikumbatia. Kisha akakunja uso, akanyoosha kidole akipima pima hewani.

"Mzee Philias, pete ni nzuri mno. Ila jua limekaa pabaya."

"Pabaya vipi? Si liko katikati?"

"Ndiyo ubaya wenyewe. Halitakiwi kuwa katikati."

Nikadhani ananitania. Akanikalisha kwenye ngazi za kanisa, akanieleza polepole. Njia ya Utaridi ukiitazama kwa macho ni karibu duara kabisa, hapo sikukosea. Lakini jua halikai katikati yake, limesogea upande. Kuna mahali sayari inapita karibu na jua, maili milioni ishirini na tisa hivi, na kuna mahali inakwenda mbali, milioni arobaini na tatu. Hakuna sayari nyingine kati ya zote nane iliyopinda mizani namna hiyo. "Kwa pete yako ya hatua hamsini," akasema, "upande mmoja ziwe arobaini, upande wa pili sitini. Jua lisogee hatua kumi."

"Binti yangu, viazi haviendi popote. Vina mizizi."

"Najua," akasema. "Kwa hiyo..."

Akalitazama shimo. Nami nikalitazama shimo.

Tulishuka tukamkuta Exilda uwanjani anapanga kuni. Nilimweleza nikiwa nimesimama mbali kidogo. Akasikiliza, akaweka gogo chini.

"Yaani jua lihame."

"Hatua kumi tu, mama," mwalimu akadakia.

"Philias. Hilo shimo ndilo tunaligombania. Nikilihama kwa miguu yangu mwenyewe, ninagombania nini tena? Si bora niende nikapikie kwenye gesi ya kaka yangu, nikae karibu na vyoo?"

"Basi tuliache," nikasema haraka haraka. "Nani atajua? Watu watakuja kula, sio kupima."

Mwalimu Corinne akainamisha kichwa. "Mtu akiniuliza nitasema kweli, mzee. Wanafunzi wangu watakuwepo. Na kaka yake mama ana kijitabu kile kile."

Na Télesphore kusoma anajua. Exilda akaketi juu ya kuni. Halafu akamgeukia mwalimu.

"Hiyo Utaridi yenyewe ikoje? Maana huyu mzee tangu Machi hajaniambia kitu ila kwamba ni ndogo na amechota vibaya."

Hapo mwalimu akaanza. Akasema ni jiwe tupu, halina mwezi, hewa yake ni kidogo kiasi cha kusema haipo. Upana wake ni kama kutoka hapa kwetu, uivuke nchi nzima, mpaka bahari ile ya magharibi, na kidogo zaidi. Uzito wa vitu kule umepungua. Pipa la viazi linalotaka wanaume wawili, kule angelinyanyua mwanamke mmoja.

"Hata hapa nalinyanyua," akasema Exilda. "Endelea."

"Ndani yake ni chuma, mama. Chuma karibu chote. Mawe ni ngozi tu ya juu, nyembamba. Ni kama..." akatafuta mfano.

"Kama chungu changu kikiwa kimezikwa," Exilda akamalizia.

"Ndivyo hasa! Na kile chuma kimekuwa kinapoa tangu zamani, kikipoa kinasinyaa, na ngozi ya juu inajikunja. Imejaa makunyanzi ya mamia ya maili."

"Kiazi cha mwezi wa Mei," nikasema mie, maana hilo nalijua. Kiazi kikikaa sana stoo, ndani kinanywea, ganda linabaki kubwa.

Exilda alikuwa ameshasogea mbele. Akauliza joto. Mwalimu akasema upande wa jua ni moto wa kuyeyusha risasi, upande wa usiku ni baridi ambayo Januari yetu yote ni kichekesho. Na huko kwenye ncha kuna mashimo ambayo jua halijawahi kuchungulia ndani, yana barafu, hapo hapo mlangoni kwa jua.

"Kama stoo ya upande wa kaskazini," Exilda akasema, na nikajua ameshachukuliwa. Akageuka akalitazama shimo la mama yake, akasimama, akalizunguka mara moja. Kisha akainama akang'oa jiwe la kwanza la ukingoni.

"Udongo uko kila mahali," akasema. "Shimo la mama ni haya mawe. Yeye mwenyewe aliyatoa mtoni akayaleta hapa, nami nitayatoa hapa niyapeleke pale. Hatua kumi kwenda upande gani, mwalimu?"

"Upande wowote, mama. Pete ni mviringo."

"Wowote?" Uso wake ukafunguka. "Basi ni upande ule wa miberoshi. Miaka arobaini na moja moshi unanipofusha kwa sababu mama hakuwaza upepo, Mungu amrehemu. Philias, koleo!"

Tukachimba sisi watatu mpaka jua likainama. Mawe yote tukayahamisha, yeye akiyapanga kwa mkono wake, hakutaka msaada kwenye hilo. Mwalimu akapima mdomo wa shimo na pete, akapiga hesabu kwenye kiganja, akaanza kucheka peke yake. Akatuambia kwa kipimo cha pete yetu, jua linatakiwa liwe na upana wa futi tatu, na mdomo wa shimo ulikuwa futi tatu, kidole kikapungua. Hakuna aliyepanga hivyo. Nikauliza, kwa kipimo hicho hicho Utaridi ni ukubwa gani? Akaniomba punje ya ile ngano nyeusi tunayosagia ploye, zile chapati zetu za asubuhi. Exilda alikuwa nazo mfukoni, za kuku. Mwalimu akachagua ile ndogo kabisa akaimenya ganda. "Hii hapa," akasema, "dunia nzima ya chuma."

Tatizo lilikuwa unyevu. Shimo la zamani lilikuwa limechomwa miaka na miaka, udongo wake umekuwa kama tofali. Hili jipya lilikuwa linatoa jasho. Tukawasha moto kila siku kulikausha. Siku ya tano Exilda akazika chungu kidogo cha kujaribia. Tulipokifukua kesho yake, maharagwe yalikuwa magumu, ukiyatia mdomoni yanalia kama kokoto. Exilda akatafuna moja, akalitema, akaniangalia.

"Nikiwapa watu hivi, Philias, hawatahitaji hata kupiga kura. Wataenda Grandbois kwa miguu."

"Zimebaki siku nne."

"Basi leta kuni za siku nane."

Nikaleta. Nilimaliza lundo langu, nikaenda kwa majirani. Habari zikaenea, kila aliyepita akaacha gogo. Mama Prudence ambaye hakutakiwa kupendelea upande alidondosha magogo sita kutoka garini mwake akasema yameanguka yenyewe. Siku tatu mchana kutwa ule moto ulinguruma, mawe ya Rosalba yakawa mekundu. Siku ya nne jioni tukashusha vyungu vinane, tukafunika. Exilda akapiga ishara ya msalaba juu ya udongo, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa maharagwe.

Siku yenyewe iliamka na anga safi, samawati tupu. Magari yakaanza kuteremka barabarani saa nne. Wanaofika wanasifu Mshtarii ya Télesphore, na kusema kweli ilistahili: mapete ya mapipa yameunganishwa, turubai juu, futi kumi na mbili kwenda juu, imepakwa mistari ya kahawia na lile doa jekundu, na miezi ya kabichi imening'inizwa pande zote. Mama mmoja aliniambia ni kitu kizuri kuliko vyote alivyoviona tangu harusi ya binti yake.

Halafu akafika Télesphore mwenyewe, na futi ya kamba begani, ile ndefu ya fundi.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "nimekuja kuiona kokoto yako. Nimesoma kijitabu. Nimesikia kuna watu wanaweka jua katikati kama kiini cha yai."

"Karibu upime," nikamwambia.

Alipima. Watu wamejaa mlimani pale kanisani wanatazama, yeye yuko chini anahangaika na futi yake kati ya maua, kutoka shimoni mpaka kwenye pete, upande huu na upande ule. Akarudia. Nikamwona anageuza futi kuwa hatua, anahesabu kwa midomo. Exilda alikuwa amesimama kando ya shimo na aproni ya rangi ya chungwa.

"Haya kaka, tuambie!"

"Arobaini," akasema taratibu.

"Na upande wa pili?"

"Sitini."

"Sikusikia vizuri, nimezeeka."

"Sitini!" akapiga kelele, na mlima mzima ukapiga makofi. Alikunja futi yake akija, lakini nilimwona anauma mdomo asicheke.

Ikawa zamu yangu. Mwalimu Corinne akatoa fidla, maana yule binti ana kila kitu, akawaeleza watu: mwaka wa Utaridi ni siku themanini na nane, na mbio zake hazilingani. Ikiwa karibu na jua inakimbia, ikienda mbali inajikokota. Na inajizungusha polepole sana, mara tatu kwa kila mizunguko miwili. Kutoka macheo hadi macheo mengine kule inapita miaka yake miwili. Ukizaliwa kunapokucha, jua likizama umeshatimiza mwaka.

"Ajira ya kule siitaki!" mtu akapaza sauti. "Siku moja ya kazi, mwaka mzima!"

"Na usingizi nao mwaka!" mwingine akajibu. "Naenda kesho!"

Nikaishika ile punje juu kati ya vidole viwili, hakuna aliyeiona hata mmoja, na fidla ikaanza. Nina miaka sabini na nne. Nilipita upande wa karibu nikikimbia, buti zinapiga, kofia ikaruka. Upande wa mbali fidla ikalegea, nami nikalegea nayo, nikajizungusha taratibu kama ninayecheza na mjane. Nilikuwa nimefanya mazoezi ghalani wiki nzima nisipotee hesabu. Mzunguko wa kwanza nimeanza pale hatua arobaini uso ukiutazama moto. Nikijizungusha mara moja na nusu, nikarudi pale pale, ni mgongo wangu unaolitazama jua. Mzunguko wa pili, uso tena. Ndivyo inavyokwenda: kila inaposogea karibu inaota moto upande mmoja, na mara inayofuata upande wa pili, kama sisi sote tunavyofanya Novemba tukitoka kuvua.

Nilipopita na mgongo, Exilda akapaza sauti kutoka shimoni, "Vizuri! Geuka, uive sawasawa!"

Watu waliangua kicheko mpaka fidla ikapotea. Na kabla sijamaliza mzunguko wa pili niligundua siko peke yangu. Wanafunzi wa mwalimu walikuwa wameshuka mlimani, nyuma yao wazazi wao, na wote wanazunguka, wanakimbia upande huu, wanajikokota upande ule, wanageuka uso na mgongo, wanagongana. Kulikuwa na bibi mwenye fimbo. Kulikuwa na polisi wa mpakani na sare zake. Kijia nilichokiacha kandokando ya pete kikawa barabara. Nilikalia ndoo nikahema kama ng'ombe, nikawatazama.

Kisha saa sita ikafika. Exilda akachukua koleo. Udongo ukatolewa, makaa yakatolewa, mvuke ukapanda. Chungu cha kwanza kikainuliwa kwa nondo. Mie sikuweza kutazama, nilikuwa naangalia buti zangu. Nikasikia kifuniko kikigonga jiwe. Nikasikia kijiko.

"Exilda?"

Alikuwa anatafuna. Akameza. "Hebu njoo uone jambo hili."

Maharagwe yaliiva. Yalikuwa laini, mekundu, mchuzi umeshika. Ila ndani ya chungu, upande ule uliokuwa karibu na mawe ya moto, yamekolea mpaka meusi na utamu wa kuungua, na upande wa pili yamebaki ya rangi ya dhahabu. Vyungu vingine tulivyofungua, hivyo hivyo.

Télesphore alikuwa ameshachungulia begani kwake. "Dada," akasema, "hata maharagwe yako yana mchana na usiku!"

Watu waliingiwa na wazimu. Kila mmoja anataka sahani ya mchana na usiku, anataka kujua upi mtamu. Ugomvi wa furaha ukazuka pale mezani, hawa wa mchana, wale wa usiku, wanavutana sahani, ploye zinapita juu ya vichwa. Télesphore alikula sahani tatu, akasema anafanya utafiti.

Viazi vikaanza kudondoka kwenye mapipa, du, du, du. Mie sikusogea huko. Nilimwona shemeji yangu akisimama muda mrefu mbele ya yale mapipa mawili na kiazi mkononi. Sijui alikitia wapi. Sikumuuliza na yeye hajasema, na nadhani alitia Grandbois, kama ambavyo ningefanya mimi ningekuwa yeye. Mama Prudence akahesabu mara mbili, akapanda juu ya benchi akatangaza kwa ile sauti yake. Grandbois mia moja na tisa. Sainte-Odile mia mbili na thelathini na moja.

Kelele zilizopigwa hapo ziliwatoa kunguru kwenye miberoshi. Watu wananipiga mgongoni, mwalimu Corinne analia na kucheka, mtu ameniwekea kofia isiyo yangu. Nikamtafuta Exilda. Hakuwepo penye makelele. Nilimkuta shimoni kapiga magoti, mkono wote umezama kwenye joto, anaokoa chungu cha nane kilichokwama kati ya mawe.

"Exilda! Umesikia? Imebaki kwetu. Imebaki moja kwa moja!"

Akainua uso, mwekundu, jasho linamtiririka, nywele zimemng'ang'ania shavuni. Macho yake makavu kabisa, hakuna moshi. Akanitazama, akacheka kile kicheko cha msichana niliyemuoa.

"Nimesikia, mzee wangu. Mpaka ng'ambo wamesikia. Sasa shika upande huo tuvute, watu bado wana njaa."

Tukavuta.